Hadi diski ya USB inayopotea kwenye Raspberry Pi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyechomeka hadi diski (hard disk) ya nje kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja: ya filamu za nyumbani, ya nakala za ofisi, au ya maktaba ya shule inayotumia Kiwix au Kolibri, programu za kusomea Wikipedia na masomo pasipo intaneti. Diski inaonekana leo, kesho haipo. Ukizima Pi na kuiwasha tena, inarudi kana kwamba hakukuwa na lolote. Maswali nimeyapanga kwa jinsi ninavyokagua mwenyewe nikiitwa: umeme kwanza, kisha waya, kisha kasha la diski, na diski yenyewe mwisho kabisa. Amri zote ni za Raspberry Pi OS, mfumo wa Linux wa Pi.

Diski hiyohiyo kwenye laptopu inafanya kazi vizuri, kwenye Pi inakatika. Imekufa?

Mara nyingi haijafa, ina njaa. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa ampea 0.5 na la USB 3.0 hutoa ampea 0.9, na laptopu nyingi huvuka hapo bila kulalamika. Pi 3 na Pi 4 zina ampea 1.2 tu kwa matundu yote manne kwa pamoja. Hadi diski ndogo ya inchi 2.5 ikishashika mwendo hainywi sana, lakini zile sekunde chache za kuanza kuzungusha sahani zake inaweza kuvuta karibu ampea nzima. Ongeza kibodi, ongeza modemu ya USB, ongeza flashi moja, umeshavuka.

Dalili yake unaisikia kwa masikio: diski inaanza kuvuma, inalia kidogo, inanyamaza, inaanza tena. Wakati mwingine inagonga, tik, tik, tik. Mlio huo wa kugonga ndio unaowafanya watu waitupe diski nzima. Diski iliyopungukiwa umeme na diski iliyoharibika kichwa cha kusomea hugonga karibu sawasawa, kwa hiyo isikilize kwanza kwenye laptopu kabla ya kutoa hukumu.

Nitajuaje kwa hakika kwamba ni umeme?

Pi yenyewe inakwambia. Andika:

`vcgencmd get_throttled`

Ikijibu `throttled=0x0`, tangu ilipowashwa haijapungukiwa. Ikijibu `0x50000`, umeme ulishuka wakati fulani na kasi ikapunguzwa, ingawa sasa hivi mambo ni shwari. Ikijibu `0x50005`, ni hapo hapo unapoangalia. Kipimo chake ni takriban volti 4.63, umeme ukishuka chini ya hapo, Pi inaweka alama, na alama ile haifutiki mpaka uizime.

Kisha tazama ujumbe wa mfumo:

`sudo dmesg -T | grep -iE "voltage|usb|sda|ext4"`

Tafuta neno `Undervoltage detected`, halafu usome mistari inayolifuata. Ukiona sekunde moja au mbili baadaye kuna `USB disconnect`, kesi imekwisha. Kumbuka pia kwamba `0x0` haimaanishi diski inashiba. Pi inapima umeme unaoingia kwake, haipimi unaofika ndani ya kasha la diski upande wa pili wa waya.

Shule moja nje ya Morogoro ilinifundisha kufuata mpangilio huu. Mwalimu wa maktaba alikuwa akinipigia karibu kila wiki: "Fundi, Wikipedia imekimbia tena." Na kweli, kila nilipofika diski ilikuwa haipo kwenye mfumo, naizima Pi, naiwasha, inarudi, nanywa chai, naondoka. Nilibadilisha diski. Nikabadilisha kasha. Safari ya nne nikafika wakati darasa zima limeingia, tableti zaidi ya thelathini zinafungua kurasa kwa mpigo, na kwa mara ya kwanza nikaandika ile amri ya juu: `0x50005`. Chaja ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa waya mweupe wa simu, mrefu wa mita mbili, uliopitishwa nyuma ya kabati ili usionekane. Niliweka waya mfupi mnene, mwalimu akahamisha kabati.

Chaja yangu imeandikwa ampea 3. Inakuwaje isitoshe?

Kwa sababu kati ya chaja na Pi kuna waya, na waya unakula volti. Hili linafaa kupigiwa hesabu kidogo, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Unene wa nyuzi za shaba hupimwa kwa namba ya AWG, na namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba. Waya wa bei nafuu huwa na nyuzi za namba 28. Mita moja ya uzi huo ina ukinzani wa ohm 0.21 hivi, na kwa kuwa umeme unakwenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, hesabu 0.42. Pi 4 yenye diski inayofanya kazi inaweza kuvuta ampea 2. Zidisha: volti 0.84 zimepotelea njiani. Chaja imetoa 5.1, Pi imepokea 4.26, chini kabisa ya mstari wa 4.63. Tumia nyuzi za namba 20 kwa urefu uleule na unapoteza volti 0.13 tu.

Ndiyo maana chaja rasmi ya Pi 4 hutoa volti 5.1 badala ya 5.0 kamili, na waya wake umeungwa humohumo, hauchomoki. Ukilazimika kutumia waya wako, uwe mfupi na uwe mnene mkononi. Waya laini unaojikunja kama kamba ya kiatu uache uchaji simu.

Nina Pi 5 na chaja ya laptopu ya wati 65. Bado diski haiwaki. Kwa nini?

Wati 65 hizo hupatikana kwenye volti 20. Pi 5 inataka volti 5, na kwenye volti 5 chaja nyingi za namna hiyo hazitoi zaidi ya ampea 3. Pi 5 ikiwaka inaiuliza chaja ina nguvu kiasi gani. Ikijibiwa chini ya ampea 5, inabana matundu yote ya USB kwa pamoja yasivuke ampea 0.6. Hiyo haiwezi kuamsha hadi diski nyingi. Ikipata chaja ya ampea 5, inafungua hadi 1.6.

Kuna mstari wa kuondoa kizuizi hicho, `usb_max_current_enable=1`, unaowekwa kwenye `/boot/firmware/config.txt`. Utumie tu kama una hakika chanzo chako kinatoa ampea 5 lakini hakijui kujieleza, mfano kibadilisha umeme cha sola. Kuuweka juu ya chaja dhaifu ni kumwambia punda akimbie bila kumpa majani: sasa itakuwa Pi nzima inazima badala ya diski peke yake.

Ninunue habu (kigawanyio cha matundu ya USB) yenye umeme wake?

Kwa hadi diski inayozunguka, ndiyo, na ndiyo fedha itakayokuletea usingizi haraka kuliko nyingine yoyote. Diski inakula kwenye habu, Pi inabaki na kazi ya kupokea data tu.

Chagua kwa uangalifu. Habu za bei ya chini mara nyingi husukuma umeme nyuma kuelekea Pi kupitia waya wa data. Kuipima ni rahisi: chomoa umeme wa Pi, acha habu ikiwaka. Taa nyekundu ya Pi ikibaki inawaka, hata kwa kufifia, habu hiyo inarudisha umeme. Usiitumie, maana Pi nyingine hukataa kuwaka zikiwa katika hali hiyo. Tazama pia adapta ya habu. Matundu saba na adapta ya ampea 2 ni ahadi za mwanasiasa.

Waya wa miguu miwili, unaochomekwa kwenye matundu mawili kwa mpigo, hausaidii ukichomeka miguu yote kwenye Pi hiyohiyo. Matundu manne yanakula sahani moja. Mguu wa pili upeleke kwenye chaja nyingine.

Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya volti 12, kwa hiyo haya hayazihusu. Zikikatika, ruka hadi swali linalofuata.

Umeme uko sawa, lakini naona `uas_eh_abort_handler` au `reset SuperSpeed USB device`. Ni nini hiyo?

Ndani ya kasha la diski kuna chipu ndogo inayotafsiri lugha ya diski, SATA, kwenda USB. Chipu hizo zinaweza kuongea na Linux kwa njia mbili: njia ya zamani, `usb-storage`, inayopeleka ombi moja na kusubiri jibu, na njia mpya, UAS, inayopeleka maombi mengi kwa mkupuo. UAS ina kasi zaidi. Tatizo ni kwamba baadhi ya chipu hudai zinaijua, zikilemewa zinababaika, Linux inasubiri, inachoka, inaipiga diski teke ianze upya. Hicho ndicho unachokisoma kwenye ujumbe. Kwenye Windows kasha hilohilo linaweza lisionyeshe tatizo lolote.

Dawa ni kuiambia Linux itumie njia ya zamani kwa kasha hilo pekee. Kwanza pata namba yake:

`lsusb`

Utaona mstari kama `ID 152d:0578 JMicron`. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji wa chipu, 152d ni JMicron, 174c ni ASMedia. Sehemu ya pili ni aina ya chipu. Jina lililochapwa juu ya kasha halina maana hapa. Makasha mawili ya jina moja, yaliyonunuliwa duka moja miezi mitatu mbali, yanaweza kuwa na chipu tofauti ndani.

Hakikisha kweli inatumia UAS kwa `lsusb -t`; utaona `Driver=uas`. Kisha fungua faili la kuwashia:

`sudo nano /boot/firmware/cmdline.txt`

Kwenye matoleo ya kabla ya Bookworm, yaani kabla ya Oktoba 2023, faili liko `/boot/cmdline.txt`. Mwanzoni mwa mstari andika hivi, ukiacha nafasi moja kabla ya maneno yaliyokuwepo:

`usb-storage.quirks=152d:0578:u`

Faili hili lina mstari mmoja tu na lazima libaki na mstari mmoja. Nimeshaletewa Pi iliyogoma kuwaka kwa sababu mtu alibonyeza Enter pale katikati. Ikikutokea, toa kadi ya SD, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, unganisha mistari, mambo yanaisha.

Ukishawasha upya, `dmesg` itakuwa na maneno `UAS is ignored for this device`, na `lsusb -t` itaonyesha `Driver=usb-storage`. Kasi itapungua kiasi. Kwa hadi diski inayozunguka huenda usiione tofauti; kwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, utaiona, na hapo ni afadhali kubadilisha kasha kuliko kuishi na kiraka.

Nijaribu tundu jeusi badala ya la bluu?

Jaribu, ni bure. Kwenye Pi 4 na Pi 5 matundu ya bluu ni USB 3.0 na meusi ni USB 2.0. Diski ikitulia kwenye jeusi, unajua kosa liko kwenye mawasiliano ya kasi kubwa: waya, kasha, au UAS. Kwa maktaba ya shule au filamu za nyumbani, kasi ya tundu jeusi inatosha kabisa na sioni aibu kuiacha hapo moja kwa moja.

Kitu kimoja cha ajabu kidogo: plagi ya USB 3.0 ina pini za zamani mbele na za kasi nyuma. Ukiichomeka polepole sana, Pi inakutana na zile za zamani kwanza na inaitambua diski kama USB 2.0. Ukijiuliza kwa nini jana kasi ilikuwa kubwa na leo ni ndogo, ichomoe uichomeke kwa msukumo mmoja.

Nikichomeka diski, Wi-Fi ya Pi inakuwa mbovu. Inawezekana?

Inawezekana, na si uchawi. USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, palepale Wi-Fi ya kawaida inapoongea. Intel walichapisha waraka juu ya jambo hili mwaka 2012. Waya mbovu usio na kinga ndio mbaya zaidi. Sogeza diski mbali na Pi, tumia Wi-Fi ya 5 GHz kama unayo, au vuta waya wa mtandao. Tundu jeusi nalo linatibu.

Diski inapotea usiku tu, au baada ya muda bila kutumika.

Inalala. Makasha mengi huzima mota baada ya dakika kadhaa za ukimya. Programu ikiomba faili, mota inaanza tena, inavuta ule umeme mwingi wa kuanzia, na ukiwa ukingoni ndipo inapoanguka. Jaribu kuizuia isilale:

`sudo hdparm -S 0 /dev/sda`

Makasha mengine huipuuza amri hii. Hapo tumia hila ya kizee: kazi ya cron (ratiba ya Linux ya kazi zinazojirudia) inayoandika faili dogo kwenye diski kila dakika tano. Haipendezi, inafanya kazi.

Inaandika vizuri GB chache za mwanzo, halafu inasimama, halafu inakatika.

Diski nyingi za kubebeka zenye ujazo mkubwa hupanga njia za data zikipandana, kama mabati ya paa yanavyopandana kingo. Njia hiyo huitwa SMR. Ukitaka kubadilisha bati moja lazima uinue na ya jirani. Diski ina eneo la muda la kupokelea mizigo, likijaa inaanza kupanga upya, na wakati huo inaweza kunyamaza muda mrefu. Linux husubiri sekunde 30, kisha inadhani imekufa.

Mpe muda zaidi:

`echo 180 | sudo tee /sys/block/sda/device/timeout`

Mpangilio huo unafutika Pi ikizimwa. Na unaponakili mzigo mkubwa punguza kasi kwa makusudi, kwa mfano `rsync -a --bwlimit=20000`. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha ni faili moja la takriban GB 100. Liache linakili usiku kucha, usilikimbize.

Baada ya kupotea imerudi kwa jina `sdb`, na programu zote hazioni kitu.

Jina `sda` ni la foleni tu, anayefika kwanza analipata. Diski ikikatika huku mfumo bado umeishikilia, inarudi kama `sdb`. Ipachike (mount), yaani iunganishe na folda, kwa UUID, ambayo ni alama yake yenyewe. Ipate kwa `sudo blkid`, kisha weka kwenye `/etc/fstab`:

`UUID=andika-yako-hapa /mnt/maktaba ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=30 0 2`

Usiache `nofail`. Bila hiyo, siku diski haipo Pi inakataa kumaliza kuwaka, na kama iko kijijini bila skrini, umepata safari.

Kuna mtego mwingine hapa. Diski isipopachikwa, `/mnt/maktaba` inabaki folda ya kawaida kwenye kadi ya SD, na programu za kupakua au za nakala rudufu zitaendelea kuandika humo mpaka kadi ijae. Kisha kila kitu kinakufa na unaanza kutafuta tatizo pasipo. Diski ikiwa imetolewa, funga folda hiyo tupu:

`sudo chattr +i /mnt/maktaba`

Sasa hakuna anayeweza kuandika humo mpaka diski ipachikwe juu yake. Kuangalia kama imepachikwa, `findmnt /mnt/maktaba`.

Ghafla diski imekuwa ya kusoma tu.

Mfumo wa mafaili wa ext4 umeona kitu kibaya, ukajifunga ili usiharibu zaidi. Ushukuru. Soma `dmesg` ujue kilichotangulia: kama ni `USB disconnect`, kosa ni la huko juu, umeme au kasha. Toa diski kwa `sudo umount`, kagua kwa `sudo e2fsck -f /dev/sda1`, pachika tena. Ila kama kabla yake kuna `I/O error` zinazorudia sekta zilezile, usikague kitu. Nenda kwenye swali la afya ya diski, chini.

Niiache NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) ili nihamishe mafaili na Windows?

Diski ikikaa muda wote kwenye Pi, itie ext4. NTFS ikitoka kwenye Windows yenye uwashaji wa haraka huja imefungwa nusu, na Linux inaipachika kwa kusoma tu au inaikataa. Zima Windows kabisa kwa kushikilia Shift huku ukibonyeza kuzima. exFAT inasomeka kote lakini haina daftari la kumbukumbu la kuiokoa umeme ukikatika. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, ndiyo sababu mafaili makubwa ya Kiwix yanakataa kunakiliwa kwenye flashi iliyotoka dukani hivyo.

Umeme wetu unakatika mara kwa mara. Nifanye nini?

Ext4 huvumilia kukatika, haifurahii. Kinachoua zaidi ni ule umeme wa kucheza, unaozima na kuwasha mara tatu ndani ya dakika moja, diski ikianza kuzunguka na kusimamishwa kila mara. Benki ya umeme ya simu si suluhisho la uhakika. Nyingi hukata kidogo zinapohama kati ya kuchajiwa na kutoa, na hilo kidogo linatosha kuiangusha Pi. UPS ndogo ya kompyuta inatosha Pi na ruta kwa muda mrefu, kwa sababu mzigo wao ni mdogo.

Kwenye sola ya volti 12, tumia kibadilisha umeme cha kushuka hadi volti 5 kinachotoa ampea 5, kirekebishe kwenye 5.1 au 5.2 kwa kupima na mita huku diski ikifanya kazi, na usivuke 5.25. Kipime penye Pi, si penye betri.

Nitajuaje afya ya diski yenyewe?

Sakinisha `smartmontools`, kisha:

`sudo smartctl -a -d sat /dev/sda`

Kuna orodha ndefu. Mimi natazama mistari mitano. Namba 5, `Reallocated_Sector_Ct`, ni sekta zilizokwishakufa na kuhamishwa. Namba 197, `Current_Pending_Sector`, ni zilizo mahututi, na 198 ni zilizoshindikana kusomeka. Tazama safu ya mwisho, `RAW_VALUE`. Sifuri ni heri. Ikiwa 197 si sifuri na inapanda kila wiki, diski inaaga. Namba 199 ikipanda, shaka ni mawasiliano ya diski na kasha lake, siyo sahani: fungua kasha, kandamiza kiunganishi, au badilisha kasha. Namba 192, kwenye diski nyingi, inahesabu mara ambazo umeme ulikatwa ghafla. Ikiwa ni mamia kwa diski ya mwaka mmoja, rudi kwenye habari ya chaja.

Diski inayoaga usiikarabati kwanza. Nakili kwanza, kwa `ddrescue` iliyo kwenye kifurushi cha `gddrescue`:

`sudo ddrescue -n /dev/sda /mnt/nyingine/nakala.img /mnt/nyingine/nakala.map`

Inachukua vilivyo vizima kwanza na kuviruka vibovu, na ikikatwa katikati faili la `map` linaikumbusha ilipoishia. Ukarabati wote ufanye kwenye nakala.

Nimenunua flashi ya TB 2 kwa bei ya soda. Mafaili yanaingia, hayafunguki.

Haina TB 2. Imechezewa ijitangaze hivyo, na data ikizidi ujazo wake wa kweli inapotea kimyakimya. Sakinisha `f3`, andika `f3write /mnt/flashi` halafu `f3read /mnt/flashi`, utaambiwa ukubwa halisi. Fanya hivyo muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

SSD ingemaliza haya yote?

Yale ya mota na kugonga, ndiyo. Haina mshtuko wa kuanza kuzunguka. Lakini nayo hula umeme inapoandika kwa kasi, na makasha ya SSD ndiyo yanayoongoza kwa vurugu za UAS.

Nimejaribu yote na bado inapotea mara moja kwa wiki.

Acha dirisha moja likiandika ujumbe wa mfumo kwenye kadi ya SD, ndani ya `tmux` ili lisife ukiondoka:

`sudo dmesg -wT | tee -a ~/diski.txt`

Diski ikipotea tena, faili hilo lina saa na sekunde. Linganisha na kilichokuwa kikitokea hapo: friji iliwaka, nakala rudufu ya saa nane usiku ilianza, mtu alipiga deki. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kwa mpangilio wa waya, chaja, tundu, kasha, diski, na kila badiliko lipe wiki nzima kabla ya kwenda linalofuata. Kwenye ukuta wa ile shule ya Morogoro bado kuna karatasi yangu ya tarehe na vitu vilivyobadilishwa, na mwalimu ameongeza mstari wake mwenyewe chini: "Mfagizi asichomoe plagi ya kushoto."